Misalaba Tuliyoihamisha

Kuna siku moja ninaikumbuka bila sababu yoyote, mwanangu, haina faida kwangu wala kwako, lakini nikikaa kimya ndiyo inayotangulia kunijia. Nilikuwa kijana wa vibarua mjini Mtwara, shingo ngumu, tumbo tupu. Fundi mmoja wa Ufukoni alikuwa amemaliza kushona godoro la sufi, la watu wawili, akanituma nilipeleke Shangani kwa bwana mmoja wa serikalini. Sasa godoro la sufi ukijitwika kichwani linakufunika kama uyoga. Unaona miguu yako na kipande cha barabara, basi. Nikatembea nikiangalia miguu. Nilikata kona wapi, nilipita kwa nani, sijui mpaka leo. Nilipoinua ukingo wa godoro nikaona bahari mahali ambapo fundi aliniambia nitaona msikiti.

Na mvua ya manyunyu ikaanza. Sufi ikishakunywa maji huibebi tena, inakushusha. Nikajibanza kwenye kibaraza cha watu, godoro kichwani, kama mtu aliyefumaniwa. Akatokea kijana mmoja mwembamba, sururu begani, alikuwa akichimba mashimo ya vyoo mitaa ile. Akanitazama sana, halafu akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Mmakonde.

"Nilijua," akasema. "Mmakonde akiona godoro mara ya kwanza anadhani ni kofia."

Nikamuuliza yeye kabila gani. Akasema Myao. Basi nikamtukana, naye akanitukana, tukatukanana vizuri mpaka mwenye kibaraza akafungua dirisha. Tulipochoka akashika upande mmoja wa godoro, mimi upande mwingine, akanifikisha hadi mlangoni kwa yule bwana. Tumefika hata jina lake sijamuuliza.

Huyo ndiye Bakari. Naanza mbali, najua. Wajukuu zangu wakiniona navuta kiti wanaulizana nani amepika, maana watakaa sana. Lakini bila Bakari hadithi yenyewe haisimami, na bila kukueleza utani, Bakari mwenyewe haeleweki.

Wewe umekulia kwenye simu, labda utani unausikia tu. Sisi na Wayao ni watani tangu kwa mababu. Mtani anaweza kuingia kwako akakalia kiti chako akamwita mkeo mke wangu, na huruhusiwi kununa. Ukifiwa, wewe unalia, yeye ndiye anayechimba. Kwetu mwenye msiba hashiki jembe. Mtani atachimba kaburi, halafu atalala humo ndani akatae kutoka mpaka apewe kuku, na wewe uliyefiwa utajikuta unacheka na machozi yanatiririka. Ni dawa ile. Mimi nilipomzika mama yangu nilicheka, na sioni aibu.

Bakari baadaye alihamia kijijini kwetu. Alioa binti wa watu waliovuka kutoka Msumbiji zamani, wanaolima mpunga bondeni, akakaa. Yeye Mwislamu, sisi wengi kanisa, na makaburi yetu yote alichimba yeye.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuite. Nimesikia wamekuchagua kuongoza vijana kanisani. Nikafurahi. Halafu nikaogopa, na kuogopa kwenyewe sikuweza kukueleza pale mlangoni watu wakikupa mikono. Shule mimi niliishia la tatu, kwa hiyo sina maneno ya semina. Ninacho kisa cha Mwalimu Ambakisye, na kisa chenyewe sikielewi vizuri. Nakupa hivyohivyo.

Kijiji chetu kiko huku Ruvuma inapokaribia bahari, mahali ambapo maji hayajaamua kama ni ya chumvi au ni ya baridi. Walimu wengi wa kutoka bara wakipangiwa huku huomba uhamisho kabla hawajafungua begi. Mwalimu Ambakisye alitoka Rungwe, kwenye mvua na ndizi, akabaki. Alijifunza kula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Alijifunza kusalimia Kimakonde, vibaya, watoto wakawa wanamsalimia makusudi ili wamsikie akijibu. Mke wake, Mama Tumaini, alifia hukuhuku, tukamzika kwenye makaburi yetu ya kanisa kando ya mto. Mwalimu alipostaafu tulidhani atarudi kwao. Akajenga hapa. Alisema mke wake yuko hapa, yeye aende wapi.

Tukamfanya mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa. Mchungaji wetu ana makanisa mengi, anakaa mjini, tunamwona barabara ikipitika. Kwa hiyo kanisa lilikuwa la Mwalimu, kwa maana ya kazi. Na usifikiri nataka kukusimulia mtu aliyekula sadaka. Sadaka haikuguswa. Kuna jamaa alikuwa na shauri barazani, ugomvi wa mipaka ya mikorosho, akampelekea Mwalimu jogoo alfajiri. Mwalimu alimfunga miguu jogoo yule, akamtia kwapani, akamrudisha mwenyewe mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama, jogoo anawika. Kama ungeniambia nitaje mtu mwaminifu ningemtaja yeye. Hata leo sina hakika kama ningemtaja mwingine. Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, kichwa changu hakijatulia.

Mto wetu nao hautulii. Miaka mingine unakula ardhi ya upande wa Msumbiji, miaka mingine unakula ya kwetu. Ikaja masika moja mto ukageukia kwetu. Ukingo ukawa unameguka vipande kama mkate uliolowa, nyufa zikafika mstari wa kwanza wa makaburi. Baraza likakaa. Ikaamuliwa wafu wahamishwe juu, kwenye mikorosho ya kanisa. Bwana afya akaruhusu. Mchungaji akaja akaomba, akaondoka upesi kabla maji hayajakata barabara.

Na hapo fuata vizuri. Kwa kuwa mwenye msiba hashiki jembe, sisi wenye wafu tulikaa majumbani. Tulisema watani waende, Bakari na wenzake. Na kwa kuwa kanisa lazima liwe na macho pale, asimame mwenyekiti. Mwalimu naye alikuwa mfiwa, mke wake alikuwa humo, lakini alisema ataweza. Hakuna aliyemwambia, Mwalimu, kaa, asimame mwingine. Tulizoea kwamba anaweza. Hilo la kuzoea nitalirudia, nisiposahau.

Walipomaliza tukaitwa. Tukakuta misalaba imepangwa mistari mizuri chini ya mikorosho, udongo umeinuliwa vichuguu, kila jina mahali pake. Mwalimu amejaa matope hadi mapajani, macho mekundu. Akasema, "Wapendwa wetu wamefika salama." Tukaimba. Dada yangu Skolastika alipiga magoti akaukumbatia msalaba wa mume wake, Kasiani. Shemeji Kasiani alikuwa sauti ya nne kwaya, mtu mfupi mwenye sauti ya ngoma, akiimba unahisi benchi linatetemeka. Dada Skola alimlilia pale kama amefariki juzi.

Tukala. Bakari alipewa sahani yake, akakaa katikati yetu, akatafuna, akasema kwa sauti, "Nyie Wamakonde kwa kupenda kuchonga! Sasa mmefikia kulia na mbao. Wenyewe wameshavuka Msumbiji, na uhamiaji hawakuulizwa kitu."

Tulicheka, mwanangu. Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Dada Skola alimrushia kijiko. Mwalimu peke yake hakucheka, na sisi tukasema ni Mnyakyusa, utani wetu haumkolei.

Na Bakari hakuacha. Dada Skola alikuwa na kawaida ya kwenda kule mikoroshoni Jumamosi, anafagia, anakaa anaongea na mume wake habari za wiki. Akikutana na Bakari njiani, Bakari humwambia, "Mke wangu, unakwenda kuumwagilia? Utachipua lini?" Naye humjibu, "Nakwenda kumwambia Kasiani akuandalie shimo lako, mlevi wewe," na Bakari pombe hajawahi hata kuinusa. Miaka ikaenda hivyo. Ukweli unapita njiani kila wiki, tunaucheka, tunaupa maji ya kunywa, unakwenda zake.

Mwalimu naye alikuwa akienda kwa Mama Tumaini. Nilimwona mara nyingi. Alikuwa anasimama, kofia mkononi, hasemi kitu. Nilidhani ni tabia ya watu wa baridi.

Kisha miguu ya Dada Skola ikaanza kuvimba. Hospitali mjini wakasema ni moyo, wakampa dawa, wakamwambia arudi nyumbani apumzike, na mtu mzima akiambiwa vile anaelewa. Akaniita. Kwetu neno la dada linabebwa na kaka yake, watoto wake wenyewe watakuja kukuuliza wewe. Akasema, "Nataka ubavu wa Kasiani. Sisemi karibu, nasema ubavu. Wakichimba langu waguse ukuta wa lake."

Nikaenda kwa Mwalimu tukaweke alama. Nilimkuta anakaza mnyororo wa baiskeli. Nikamweleza. Mikono yake ikasimama.

"Ukuta wa kaburi lake?"

"Ndiyo."

"Si wangeacha nafasi kidogo?"

"Mwalimu, ni mume wake."

Akasema tutapima wiki ijayo. Wiki iliyofuata akasema mguu unamsumbua. Mimi sikushuku lolote. Nilidhani anaona uchungu kwa sababu Dada Skola ndiye aliyemuuguza Mama Tumaini, na kweli alimuuguza.

Kabla hatujapima, Bakari alikuja kumjulia hali dada. Nilikuwepo, nimekalia kinu kilichogeuzwa. Dada alipomwona mlangoni akamwahi, "Umekuja kuchukua kipimo? Sijafa, rudi kwenu."

Bakari akavua ndara, akakaa chini kwenye mkeka. "Pole, dada," akasema.

Dada Skola akamkazia macho. "Mimi dada yako tangu lini?"

Bakari akazisogeza ndara zake kando.

"Bakari, nitukane."

"Leo sina."

"Huna nini? Umenitukana siku mama yangu anazikwa, leo huna? Basi sikiliza, nikupe kazi. Utanichimbia ubavuni kwa Kasiani, uguse ukuta wake."

Bakari akanitazama mimi, halafu akatazama mkeka. "Ukuta upi, mke wangu? Si nimekuambia miaka yote?"

"Umeniambia nini?"

"Kwamba ni mbao."

Maneno yaleyale. Nimeyasikia maharusini, nimeyasikia kisimani, nimeyacheka. Ila safari hii aliyasema polepole, na hakuna aliyecheka. Dada hakulia. Alimwambia, "Sema sasa kama mtu."

Akasema. Walipoanza kuchimba kule mtoni maji yalikuwa yanapanda kutoka chini. Makaburi ya mbele yalishakwenda. Ya nyuma yalikuwa uji, ukitia mkono hujui umeshika nani. Walipofika kwa Mama Tumaini ukingo ulianguka na Mwalimu akiwa juu yake, wakamvuta kwa shati. Alikaa kwenye matope. Halafu akasema, watu wamekaa majumbani wanasubiri, nitawaambia nini? Chukueni misalaba.

"Akawaapisha?" nikamuuliza.

"Hapana. Alituomba tu. Wallahi angetuapisha ningesema siku ileile kwa mdomo wa kawaida. Lakini mtu mzima anakuomba huku analia, utafanyaje? Nikasema kwa mdomo wa utani. Nikaona nimesema. Kama hawasikii, ni wao."

Mchungaji aliwahi kuhubiri habari ya yule nabii aliyemwendea mfalme na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake. Mfalme akakasirika sana, hakujua anasimuliwa habari zake mwenyewe. Mchungaji alisema kazi ya nabii haikuwa kile kisa. Kazi ilikuwa pale alipomwambia mfalme, mtu huyo ni wewe. Nilikuwa nimelikumbuka hilo kwa ajili ya kondoo tu, maana nilikuwa nafuga. Siku ile nilimtazama Bakari nikaona tulikuwa na kisa miaka yote, wala hakukuwa na mtu wa kulisema lile la pili. Yeye alijificha kwenye utani, sisi tukajificha kwenye kicheko. Nani mwenye kosa zaidi? Mimi nimeshindwa kugawa.

Dada akamwita Mwalimu. Alikuja alasiri ileile, akasimama mlangoni, hakukaa. Dada akamuuliza swali moja. "Mwalimu, mume wangu yuko pale?"

Mwalimu akavua kofia. "Dada Skola, nikikujibu humu ndani peke yako nitakuwa nimewaficha wengine tena. Nipe mpaka Jumapili niwajibu wote."

"Jumapili nitakuja," dada akasema. "Hata kwa machela."

Tulimpeleka kwa baiskeli, amekaa nyuma kwenye keria, mimi nasukuma, mwanawe anamshika mgongo. Kanisa lilijaa kama kawaida, hakuna aliyejua kitu. Baada ya matangazo Mwalimu akasimama. Hakufungua kitabu chochote. Akasema, nami nakupa kama nilivyoyashika:

"Niliwaambia wamefika salama. Hawakufika. Wengine mto ulikuwa umeshawachukua, na waliobaki hatukuweza kuwatambua. Nilihamisha misalaba. Mama Tumaini naye hayupo pale. Niliona afadhali mlie mara moja, mmalize. Lakini haikuwa haki yangu kuwachagulia namna ya kulia. Bakari na wenzake msiwaguse, walinisikiliza mimi. Nimemkosea Mungu na nimewakosea ninyi."

Unadhani kanisa lilifanya nini? Ukiwa kiongozi utadhani watu wakisikia toba watafanya jambo moja. Walifanya yote. Mzee Dastani, ambaye aligombana na baba yake hadi baba akafa, akasimama akauliza, "Sasa mimi nimekuwa nikimwomba radhi nani?" akakaa bila kusubiri jibu. Mama Anjela alimgeukia dada yangu mgonjwa, akamwambia, "Nani alikutuma kuuliza? Mimi nilikuwa nimetulia." Vijana wawili wakataka kwenda kumleta Bakari. Mmoja wa wazee akasema apigiwe mchungaji. Mwingine akasema tuchague mwenyekiti mpya papo hapo. Kwaya wakaanza wimbo wa msamaha, wakaukatisha katikati kwa sababu nusu yao walikuwa wanalia. Na mimi nilikaa. Nilikuwa na hasira naye, na nilitaka kumshika mkono, vyote kwa pamoja, na mikono yangu ikabaki mapajani.

Dada Skola hakusimama, hakuweza. Akasema kutoka kwenye benchi, na alipoanza watu walinyamaza. "Mwalimu. Nimekusikia. Baki hapohapo, bado sijamaliza kukuuliza. Nataka unieleze Kasiani alikwenda upande gani. Nataka twende wote mtoni unionyeshe mahali. Na nataka unisaidie kuchagua nitalala wapi mimi. Hiyo ni kazi yako, bado hujaimaliza."

Ngoja nisimame hapo kidogo. Kilichofuata ni kifupi, na nikishakisema huwa sipendi kuongea tena, kwa hiyo niweke mengine mbele.

Dada Skola tulimzika kijiji cha Ziwani, kwenye shamba la mama yetu, mbali na mto, mbali na mikorosho ile. Alichagua mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini asilale pale penye msalaba wa Kasiani, hata kama ni mbao, si ndipo alipoongea naye miaka yote? Akasema, "Ningekuwa nimeambiwa ningeongea naye popote." Tulimpeleka kwa gari la kukodi, korosho zilikuwa zinaanikwa njia nzima. Bakari alichimba. Alipofika chini hakulala kaburini, hakudai kuku. Alipanda akakung'uta mikono. Mazishi yale yalikuwa kimya kuliko yote niliyowahi kuona, na watu wa Ziwani wakanong'ona kwamba hatukumpenda marehemu.

Sasa nasaha, mwanangu, maana hilo ndilo nililokuitia.

Kiongozi hapimwi kwa jogoo aliyemrudisha tu. Mwalimu alishinda mtihani wa jogoo, na mimi nilidhani mitihani yote iko hivyo. Kuna uongo mwingine hauna harufu ya wizi. Unakuja umevaa huruma. Utaona watu wako wamechoka, wana uchungu, na neno moja la kuwapoza liko mdomoni mwako. Usiliseme kama si kweli. Sema kweli siku ileile, matope yakiwa bado mapajani, sauti ikitetemeka. Watu wangelia siku ile, wangepiga kelele, wangekutukana, kesho yake wangekuletea maji ya kuoga. Ukikaa nalo, kila siku inaongeza udongo juu yake, na mwisho utakuwa unasimama kofia mkononi mbele ya kitu ambacho wewe peke yako unajua ni kitupu. Mungu hakutuita tuwafariji watu kwa kuwadanganya. Bwana wetu mwenyewe alifika kaburini kwa rafiki yake akalia machozi mbele za watu, hakuwaambia msijali.

Na ninyi mnaoongozwa, wewe pia leo unaongozwa mahali fulani. Ulizeni. Ulizeni kwa mdomo wa kawaida, msimwachie mcheshi wa kijiji kazi ya kusema. Na mkimwona kiongozi anaweza kila kitu, hapo ndipo mumwambie kaa, asimame mwingine leo. Tuliyemzoesha kuweza yote ndiye aliyeona haya kutuambia ameshindwa. Nilisema nitalirudia, nimelirudia.

La mwisho, na hili ndilo ninalolizungusha usiku na mchana bila kufika. Kutubu si kumaliza. Nilidhani mtu akishasimama akasema nimekosa, basi, amelipa. Dada yangu aliniambia hapana. Alisema kutubu ni kufungua mlango, halafu ukae mlangoni watu waingie wakuulize, mmoja leo, mwingine keshokutwa, mwingine baada ya mwaka atakapokuwa ameanza kuelewa. Kuwajibika ni kule kukaa. Mimi namuelewa dada. Lakini nikimfikiria Mwalimu, amesimama pale na mke wake naye yuko majini, tulitaka akae wapi? Nani alimuuliza yeye swali moja la kumpa pole? Sijui kama alitukimbia au alituonea haya au alidhani anatufanyia wema mwingine tena. Kila nikiamua moja, lingine linainuka. Labda wewe utaelewa, una shule.

Basi inamisha kichwa. Mungu akupe mdomo mwepesi wa kusema nimekosea, na miguu mizito ya kuondoka. Akupe watu wa kukuuliza, na usiwachukie. Akulinde na sifa zetu. Siku utakaposhindwa, ushindwe mbele yetu, tukiwa tunaona, na utukute tuna huruma kuliko tulivyokuwa siku ile. Amina.

Haya. Dada alipomwambia baki, Mwalimu Ambakisye alitikisa kichwa kama mtu aliyekubali. Akafungua ufunguo wa kanisa kwenye mkanda wake, akauweka juu ya meza, akaunyoosha ulale sawa. Kisha akapita katikati ya mabenchi akatoka. Tulidhani anakwenda kunawa uso. Mimi nilikuwa upande wa mlango, ndimi niliyemwona. Alipita mbele ya nyumba yake, mlango ulikuwa wazi na kuku wanaingia, hakugeuza hata shingo. Akashika barabara ya mjini, mikono mitupu, mwendo wake uleule wa kwenda darasani.

Dada Skola akaniuliza kutoka kwenye benchi, "Anarudi?"

Nikamwambia, anarudi.

Hakurudi.